Maharagwe Yasiyoiva Pamoja

Roselida alimimina gorogoro mbili za maharagwe mapya juu ya turubai, kisha akaongeza gorogoro moja ya maharagwe ya mwaka jana. Akayachanganya kwa mikono miwili hadi hayakutambulikana tena.

"Unafanya nini, Mama Quinton?" mumewe Methuselah aliuliza.

"Nashusha bei. Ile supamaketi mpya inauza chini ya bei yangu. Nikae tu nikitazama?"

Siku hizi watu wa mtaa wa Burumba walipita mbele ya kibanda chao wakiwa wamebeba mifuko kutoka huko. Wateja waliobaki walikuwa wachache. Mkubwa wao alikuwa Akiror, mwenye hoteli karibu na maegesho ya malori. Akiror alinunua gorogoro nane kila wiki, na karo ya watoto ilitoka hapo.

Jumatano Akiror alichukua nane zake kwa bei mpya, akashukuru. Alhamisi alirudi na sufuria kichwani. Akaitua mbele ya kibanda, watu wakitazama.

"Mama Quinton, hebu onja."

Roselida alionja. Punje moja ilikuwa imerojeka. Iliyofuata ilimgonga jino.

"Nimepika tangu alfajiri," Akiror alisema. "Nusu imekuwa uji, nusu ni kokoto. Dereva mmoja ameniomba manati, ati akawinde ndege nayo!"

Watu walicheka. Roselida hakucheka.

"Nilitaka kukupunguzia bei, dada."

"Umenipunguzia bei, ukaniongezea makaa. Wiki ijayo najaribu supamaketi." Akajitwika sufuria yake, akaenda.

Jioni Roselida alimngoja jirani yake Edinah, ambaye alifanya kazi katika stoo ya supamaketi hiyo. Alipomwona tu, alianza.

"Edinah, niambie ukweli. Hayo maharagwe yenu ni ya magendo? Ama ni mabovu?"

"Salamu kwanza, mama," Edinah alisema kwa upole. Akaketi, akavua viatu. "Si ya magendo, na si mabovu. Kibandani kwako una aina ngapi za maharagwe?"

"Saba."

"Sisi tuna mbili. Kwa hiyo tunanunua lori zima la aina moja, na anayeuza lori zima hupunguza bei. Wewe unanunua kwa nani?"

"Kwa Omuse wa baiskeli. Debe moja moja."

"Omuse hununua kwa mtu wa ng'ambo ya mpaka, pale sokoni Sofia. Yule wa Sofia hununua kwa mtu wa Tororo. Kila mmoja huongeza chake, nawe unawalipa wote."

Roselida hakuwa amewahi kulifikiria hivyo.

"Tena hatupambi duka," Edinah aliendelea. "Tunapasua katoni na kuuzia humo humo. Wafanyakazi ni wachache. Asubuhi napokea mzigo, mchana niko kaunta. Mteja huja na mfuko wake. Tunapunguza gharama huko, lakini chakula chenyewe hatukigusi."

"Mnajuaje kama ni kizuri?"

"Tunapika. Mzigo ukifika, tunachota kidogo katika kila gunia, kila gunia na sufuria yake, na tunatazama saa. Gunia lisiloiva kwa wakati halishuki. Juzi tulirudisha kumi na moja."

Roselida alitazama turubai lake. "Kumbe mimi nilipunguza mahali pasipofaa."

"Ulikuwa unahangaikia watoto, mama. Hata mimi ningejaribu kitu. Lakini usituogope sana. Sisi hatuuzi nusu gorogoro. Tena hatujui mteja ana jiko gani nyumbani."

Asubuhi Roselida alizungumza na Anjeline na wanawake wengine wawili wenye vibanda jirani. Walikubaliana kubaki na aina tatu tu, zile zinazotoka haraka, na kununua pamoja. Wiki hiyo walikwenda Malaba kwa mkulima mmoja, Amoit, aliyekuwa amevuna karibuni. Waliponunua magunia sita kwa mara moja, bei ilishuka bila mtu kugombana. Gari moja likaleta mzigo wote.

Yale ya mwaka jana Roselida aliyatenga. Akawaambia wateja wazi, "Haya ni ya zamani. Yaloweke usiku mzima kabla ya kupika." Aliyauza kwa bei ya chini, nayo yakanunuliwa na watu waliojua wanachonunua.

Jumanne mchana alipika kikombe kimoja kutoka gunia la kwanza. Methuselah alishika saa kama refa. Baada ya saa moja na nusu, kila punje ilikuwa laini. Roselida alipeleka bakuli hotelini.

Akiror alikula akiwa amesimama. Alikula kijiko cha pili, na cha tatu.

"Haya umeyatoa supamaketi?" aliuliza.

"Malaba."

Saa kumi na moja Akiror alifika kibandani na gunia tupu mkononi.

"Nipimie nane. Na bei iwe ileile ya wiki jana."

"Bei ni hiyohiyo," Roselida alisema. Alipima gorogoro tatu, akazijaza hadi zikafanya kilima, akaongeza konzi ya nyongeza. Hapo gunia la kwanza likaisha, kwani majirani walikuwa wakinunua tangu mchana. Gunia la pili lilikuwa wima pembeni, mdomo wake umeshonwa.

"Fungua hilo," Akiror alisema. "Si ni ya shamba moja?"

Methuselah alikwisha shika kisu. Roselida alimzuia mkono.

"Hilo bado sijalipika, dada. Chukua tatu leo."

"Utaniacha niende na tatu? Supamaketi bado iko wazi."

"Najua."

Akiror akacheka. "Mama Quinton, umekuwa mkali kuliko daktari! Haya, tatu zitanifikisha kesho mchana. Lipike asubuhi, na hizo tano usimpe mtu."

Alipoondoka, Roselida alikata uzi wa gunia la pili, akachota kikombe kimoja. Akakiweka juu ya jiko lililozimwa, tayari kwa asubuhi, akaanza kufunga kibanda.