Kilichobaki Damuni

Fundi Waya alikuwa na ulimi mwepesi na mikono mepesi zaidi. Redio iliyowashinda mafundi wengine ilifufukia mezani kwake. Figo zake zote mbili ziliharibika zikaondolewa, lakini hata mashine ya kusafisha damu aliifanyia mzaha. "Mke mwenzako ananiita," alimwambia mkewe kila siku ya kwenda hospitali.

Siku moja walimpima damu kwa ajili ya utafiti. Wakamwambia damu yake haina renini, ile inayotolewa na figo kupandisha presha. Ila renini changa, ambayo haijaanza kufanya kazi, bado imo. Fundi alirudi nyumbani anameremeta.

"Mama watoto, redio umeichomoa, bado inakurusha. Maana yake nini?"

"Kuna umeme umebaki ndani."

"Basi! Figo imeacha mzizi. Inaota tena."

Mkewe alitaka sana iwe kweli. Akampikia mchuzi wenye chumvi kama zamani, akamwekea jagi la maji pembeni. Fundi akaacha kwenda kwenye mashine. Miguu ikavimba, kisha uso. "Figo inaanza kazi hiyo," akasema.

Asubuhi moja chuma cha kuchomelea kilimponyoka. Mdomo ukapinda. Presha ilikuwa imepasua mshipa kichwani.

Muuguzi wa mashine aliwakuta wodini, mke akamsimulia habari ya mzizi wa figo.

"Hiyo renini iliyobaki imelala, mama," alimwambia mke. "Sehemu nyingine za mwili huitengeneza pia, hata kwa mtu asiye na figo. Lakini haipandishi presha, na si dalili ya figo kuota. Figo haioti."

"Sasa kama renini hana, presha imetoka wapi?"

"Kwenye maji na chumvi. Mwili wake hauna pa kuyatolea. Yakijaa, presha inapanda. Mashine ndiyo inayoyatoa."

"Kwa hiyo ni lile jagi langu."

"Na siku alizoacha kuja. Mngeniuliza tu, mama."

Afadhali angemtukana. Mke alitoka nje akalia mpaka sauti ikamkauka.

Sasa Fundi hakosi siku yake ya mashine. Maji anakunywa kwa kikombe kidogo, kiasi alichopangiwa. Chumvi wameipunguza, dawa anameza. Uvimbe umeisha na presha imetulia. Mkono wa kulia haukurudi.

Kwenye kibanda chao cha redio mkewe ndiye anayeshika chuma. Fundi anaelekeza tu. "Hapo. Taratibu. Basi, toa."

Juzi alipita shemeji yake. "Lakini si walisema kuna kitu kimebaki kwenye damu?"

Fundi aliunyanyua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akaulaza mezani katikati ya redio zilizofunguliwa.

"Kipo, shemeji," akasema. "Uulize huu kama kilinifaa."