Cherehani Iliyokanyagwa kwa Mguu Mmoja

Kila alasiri, akishavua sare na kula, Kandida aliketi kwenye cherehani ya mama yake mdogo na kuanza kukanyaga. Kazi yake ilikuwa kushona mapindo, maana mikono na kola hakuwa ameruhusiwa bado. Mama mdogo Digna alikuwa fundi wa kushona nguo pale Mlabani, mjini Ifakara, na alikuwa na masikio ya ajabu. Angeweza kusimama mezani akikata kitambaa, mgongo ameigeuzia cherehani, akasema, "Uzi umekatika," kabla Kandida mwenyewe hajaona.

Wazazi wa Kandida walikuwa Michenga, kwenye mashamba ya mpunga. Kila msimu wa mpunga walihamia shambani, wakaishi kwenye kibanda chao mpaka mavuno yaishe, na yeye aliachwa mjini kwa mama mdogo ili asikose shule. Alikuwa darasa la sita. Mama yake alikuwa amemtumia salamu kwamba Jumamosi atafuatwa kwa baiskeli, aende kula mchele mpya. Mtu ambaye hajawahi kula wali wa mchele mpya, uliovunwa juzi na kutwangwa jana, hawezi kujua Kandida aliisubiri vipi Jumamosi hiyo.

Wiki hiyo nyumba ya Digna ilijaa nguo nyeupe. Jumapili ingekuwa siku ya Kipaimara, Askofu angekuja, na akina mama walikuwa wameleta vitambaa vya magauni ya binti zao. Sakafuni kulikuwa na vipande vya uzi, mezani pini na vifungo, na ukutani magauni yaliyopigwa bandi, ile mishono ya muda, yakingoja kushonwa.

Shuleni nako kulikuwa na jambo. Mwalimu Remigius, aliyewafundisha Kiingereza, alipenda sana kufundisha kwa kutumia vitu. Jumatano aliingia darasani na msumari mkononi.

"Huu unaitwa nail," alisema. Kisha akainua kidole chake. "Na ukucha huu nao ni nail."

"Yaani msumari na ukucha jina moja, Mwalimu?" aliuliza Beno, aliyekaa nyuma.

"Jina moja. Na stitch ni mshono wa nguo, ni mshono wa kidonda, na hata kile kichomi kinachokubana ubavuni ukikimbia baada ya kushiba. Halafu staple ni ile pini inayobana karatasi za ofisini, lakini pia ni chakula ambacho watu wanakitegemea. Kwetu sisi, wali."

Darasa zima lilicheka. Pini ya ofisini na wali! Beno alisema Wazungu ni mabahili wa maneno, na Mwalimu Remigius akacheka pamoja nao. Kisha akawapa kazi. Ijumaa kila mwanafunzi alete kitu kimoja kinachochoma au kinachofunga, aseme jina lake kwa Kiingereza, na aeleze maana zake zote atakazozipata. Atakayeeleza vizuri zaidi angepewa kalamu ya wino.

"Mimi naleta bolti ya mashine ya kukoboa mpunga," Beno alitamba wakati wa kutoka. "Nyinyi leteni vijipini vyenu vya nguo."

Maneno hayo yalimkera Kandida. Ni yeye tu darasani aliyelala kwenye nyumba iliyojaa sindano, pini, kulabu, vifungo na zipu, lakini vyote aliviona vidogo mbele ya bolti ya Beno. Alitaka msumari, tena mkubwa, wa kuwafanya watu washike midomo. Misumari ya namna hiyo ilikuwa nyuma ya karakana ya Fundi Fulgensi, seremala wa mtaa ule, ambako mbao za paa la zamani zilitupwa ovyo kwenye majani. Mama mdogo Digna alikuwa amemkataza waziwazi. "Kule nyuma kwa Fundi Fulgensi sitaki kukuona. Mbao zile zina misumari kila mahali."

Alhamisi jioni, baada ya kumaliza mapindo yake, Kandida alipita njia ya kule nyuma.

Aliupata msumari aliotaka, mrefu, mnene na wenye kutu. Alipokuwa akiuvuta kwa nguvu kutoka kwenye ubao, ukachomoka ghafla, naye akayumba na kurudi nyuma. Mguu wake wa kulia ukakanyaga ubao mwingine. Alisikia maumivu makali kabla ya kuelewa kilichotokea. Msumari wa ubao ule ulikuwa umepenya ndala na kuingia kwenye unyayo.

Alijichomoa, akang'ata midomo ili asilie. Damu ilitoka kidogo tu, na tundu lenyewe lilikuwa dogo mno, na hilo ndilo lililomdanganya. "Si kitu," alijiambia. Shambani aliwahi kuona watu wakimwagia mafuta ya taa kwenye jeraha, basi na yeye alipofika nyumbani akamimina mafuta kutoka kwenye taa. Kisha akachukua kitambaa cheupe kilichobaki kwenye magauni, akaufunga mguu vizuri sana, akakibana kwa pini. Juu yake akavaa soksi na raba.

Angesema, angeulizwa alikuwa wapi. Tena Michenga angeisikia kwenye hadithi tu. Basi akanyamaza.

Ijumaa ilikuwa siku yake. Alisimama mbele ya darasa na msumari wake mkubwa, akaeleza kuhusu msumari na ukucha, akaongeza kwamba neno hilo hilo hutumika kwa kitendo cha kupigilia. Hata Beno na bolti yake alikunja uso. Mwalimu Remigius akampa kalamu, na wenzake wakampigia makofi. Kandida alitabasamu, lakini ndani ya raba unyayo ulikuwa ukipwita, na kalamu aliyoitamani sana aliishika tu bila furaha.

Alasiri akaketi kwenye cherehani kama kawaida. Mguu wa kulia ulikataa. Akajaribu kukanyaga kwa wa kushoto peke yake, na cherehani ikaenda, ikasita, ikaenda tena kwa kuchechemea. Mama mdogo Digna alikuwa mezani, mgongo ameigeuzia. Mkasi wake ukasimama katikati ya kitambaa.

"Kandida, unakanyaga kwa mguu mmoja."

"Hapana, mama mdogo. Ni raba, zinanibana."

"Basi vua."

Kandida hakuvua. Alitazama pindo jeupe mbele yake, macho yakamjaa machozi.

"Mwanangu, hiyo cherehani naisikia tangu kabla wewe hujazaliwa," Digna alisema kwa sauti ya chini, akamsogelea na kuchuchumaa. "Vua viatu."

Hapo machozi yakashuka, na maneno yakafuata yote kwa pamoja, mbao, msumari, mafuta ya taa, pini, na mchele mpya wa Michenga. Digna hakugombeza. Alifungua kitambaa, akauona unyayo umevimba na kuwa mwekundu, ukinuka mafuta ya taa. Uso wake ukabadilika. Akaufunga tena kwa pini ile ile, akasimama, akatundika gauni lililokuwa kwenye cherehani, akatoa baiskeli nje.

Mlangoni alikuwa amesimama mama mmoja aliyekuja kuulizia nguo. "Fundi, unakwenda wapi? Gauni la binti yangu je? Kesho kutwa ndiyo Kipaimara!"

"Samahani sana, mama. Gauni litasubiri. Huyu hawezi kusubiri."

Digna aliendesha baiskeli mpaka hospitali, Kandida nyuma amemshika kiuno. Njia nzima Kandida alisikia jinsi mama mdogo alivyokuwa akihema. Aliwaza juu ya magauni yaliyoachwa ukutani, akaona aibu, na ndani ya aibu ile akaona pia jinsi anavyopendwa.

Hospitalini walipokelewa na muuguzi aliyeitwa Brigitha. Alifungua ile pini na kuutazama mguu.

"Nani amekutibu hivi?"

"Mimi mwenyewe, shikamoo," alisema Kandida kwa hofu, salamu ikiwa imechelewa njiani.

"Marahaba, Daktari Kandida," Brigitha alijibu, na hata Digna akacheka kidogo. Lakini walipoanza kusafisha jeraha, hakuna aliyecheka. Daktari wa zamu alilifungua kidogo, akaosha kwa muda mrefu, kisha akatoa ndani yake kipande kidogo cha mpira wa bluu. Kilikuwa kipande cha ndala, ambacho msumari ulikisukuma mpaka ndani ya nyama.

"Umeona?" Brigitha alimwonyesha. "Hiki kingebaki humo, na wewe umefunga juu ukadhani umepona. Jeraha la msumari lina mdomo mdogo lakini linakwenda chini. Mafuta ya taa hayafiki huko, yanaunguza ngozi tu. Uchafu unaofungiwa ndani unaweza kuleta pepopunda."

"Pepopunda ni nini, nesi?"

"Ni ugonjwa unaokaza misuli ya mwili. Mara nyingi huanza kwenye taya, mtu anashindwa kufungua mdomo. Wengi hawaponi. Ndiyo maana mtu akichomwa na msumari, mwiba au jembe, anaosha kwa maji mengi safi na sabuni, kisha anakuja hapa siku hiyo hiyo. Umechelewa, lakini tushukuru mama yako mdogo amekuleta."

Kandida alichomwa sindano, akapewa dawa, akaambiwa arudi kusafishwa jeraha na asikanyage matope kabisa. Safari ya Michenga ikawa imekwisha.

Jumamosi asubuhi, mjomba aliyekuja kumchukua aliondoka peke yake, amebeba habari. Kandida alikaa kwenye mkeka, mguu umeinuliwa juu ya mto, akimsikiliza mama mdogo akikanyaga cherehani kwa haraka kufidia muda uliopotea. Baada ya muda akasema, "Mama mdogo, mikono yangu haina kidonda. Nipe vifungo."

Digna alimtazama, akampa sindano na kopo la vifungo. Walishona pamoja mpaka gauni la mwisho likaisha, na Jumapili mabinti walipita barabarani kwenda kanisani, wamevaa nyeupe tupu. Mama yule wa Ijumaa aligeuka njiani kuja kumjulia mgonjwa hali.

Tangu siku ile ya hospitali, kila asubuhi kabla ya chai Digna alisimama mbele ya Kandida na kusema, "Fungua mdomo." Kandida aliufungua mpaka masikio yakauma, na mama mdogo akamshukuru Mungu kwa sauti. Mwanzoni Kandida alicheka. Baadaye aliona kwamba mama mdogo hakuwa akitania, na akawa anaufungua bila kuambiwa.

Alipoanza kutembea vizuri, alikwenda na mama mdogo mpaka karakana ya Fundi Fulgensi, msumari mkononi.

"Shikamoo, fundi. Msumari huu niliuchukua kwako bila ruhusa. Naomba unisamehe."

Fundi Fulgensi aliupokea, akautazama, akautazama na mguu uliofungwa bendeji. "Marahaba, mwanangu. Nimekusamehe. Ila na mimi nina kosa langu. Mbao zile si za kuachwa vile kwenye mtaa wenye watoto." Alasiri hiyo hiyo alianza kung'oa misumari yote na kuiweka kwenye kopo. Beno, ambaye kwao ni jirani, alikuja kumsaidia, amevaa viatu vigumu.

Kalamu nayo Kandida aliirudisha kwa Mwalimu Remigius, akamweleza yote. Mwalimu alimrudishia. "Kalamu ulipewa kwa maelezo yako, si kwa msumari. Lakini maelezo hayajakamilika. Njoo mbele uwaambie wenzako kuhusu msumari huo mpaka mwisho." Kandida akawaambia, mpaka kile kipande cha ndala, na darasa halikupiga makofi. Lilisikiliza, na wanafunzi wawili wakainama kutazama nyayo zao.

Mavuno yalikuwa bado yanaendelea mama yake, Frida, alipofika kutoka Michenga, mfuko umefungwa nyuma ya baiskeli. Alimkumbatia mwanawe, akautazama unyayo kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mdogo wake na kupiga goti kama mtu anayemsalimia mkubwa wake.

"Dada, inuka! Unafanya nini?" Digna alishtuka.

"Niache nishukuru. Mchele mpya ni huu. Kule shambani hatujaonja hata punje, tunakula wa mwaka jana. Baba yake amesema mwaka huu utaonjwa kwanza nyumbani kwako."

Digna akaupokea mfuko na kuuweka chini. Alijifuta macho kwa kipande cha kitambaa kilichokuwa begani, akaenda kuwasha moto.

Walikula wote kwenye sinia moja, wali ule ukinukia nyumba nzima. Kandida alisema asante kwa mama yake, akasema tena kwa mama mdogo, kisha akaona neno lenyewe halitoshi, akala taratibu.

"Sikiliza, mwanangu," Digna alisema walipokwisha kunawa. "Kuchomwa na msumari kunaweza kumpata mtu yeyote, hata mimi. Kosa lako ni kwenda nilikokukataza, na kosa kubwa zaidi ni kuficha. Ukiumia, sema siku hiyo hiyo. Nitagomba, ndiyo, lakini nitagomba huku nakupeleka hospitali."

"Nimesikia, mama mdogo. Sitaficha tena."

"Haya. Kuna mapindo yanakusubiri."

Kandida akaketi kwenye cherehani, akaweka miguu yote miwili na kuanza kukanyaga. Mama yake mdogo alisimama mezani, mgongo ameigeuzia, mkasi umetulia mkononi. Alisikiliza kwa muda, kisha akaendelea kukata.