Mkia wa Kigari

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Sindano na pacha wake walikokota kigari chao cha mbao hadi juu ya mteremko wa kiwanda kilichofungwa, ambako magari hayakupita tena. Jina hilo la Sindano alibandikwa na wenzake kwa sababu kila alichokiunda alikichonga pua ikawa kali. Yeye aliunda; pacha wake alivaa kofia ngumu na kuendesha. Ijumaa mwalimu wa sayansi angechagua kigari kimoja tu cha kuiwakilisha shule mashindanoni, na Sindano alitaka kiwe chake.

"Sekunde ngapi?" pacha aliuliza aliposimama chini.

"Ishirini na nane."

"Mbona huandiki daftarini?"

"Leo upepo umetupinga."

"Na ile ya jana, ya ishirini na mbili? Upepo ulitusukuma mgongoni, na uliiandika!"

Sindano akajifanya anafunga kamba za kiatu.

Ubishi uliendelea hadi nyumbani. Shangazi yao, fundi cherehani aliyewalea, akasimamisha kazi na kulichukua daftari.

"Humu ni matokeo mazuri matupu. Mabaya umeyaficha wapi?"

"Shangazi, mwalimu akiyaona hatatuchagua!"

"Nami nikimpima mteja kiuno, nikaandika namba ninayoipenda, hiyo suruali ataivaa nani?"

Pacha alicheka hadi machozi. Sindano aliona aibu. Aliketi akaandika kila safari ya polepole aliyoikumbuka, kisha akakiri, "Pua nimeichonga mara nne, shangazi. Mwendo ni uleule."

Shangazi akakata vipande vya uzi mwekundu. "Upepo hauonekani, lakini uzi unaonekana. Vibandikeni kigarini kila mahali, mbele mpaka nyuma."

Kesho yake Sindano alisimama katikati ya mteremko. Kigari kilipompita, nyuzi za mbele zilikuwa zimelala vizuri. Za nyuma, penye ubao uliokatwa wima kama mlango, zilicheza ovyo, nyingine zikielekea mbele! Hapo akaelewa. Upepo ulipita puani bila taabu, ukafika nyuma ukajizungusha, ukawa unakivuta kigari kisiende kasi. Siku zote hizo alikuwa akihangaika na pua isiyo na kosa.

Waliunda mkia wa maboksi, mpana mwanzoni na mwembamba mwishoni kama wa samaki, wakauvika vitambaa vya shangazi. Wakateremka mara tano na mkia, mara tano bila mkia, wakaandika zote. Mkia uliokoa sekunde mbili hivi.

Ijumaa mwalimu alilipekua daftari polepole.

"Hapa mmeandika ishirini na tisa?"

Sindano aliitikia kwa kichwa. "Ndiyo, mwalimu. Upepo ulikuwa mkali."

"Wenzenu wameandika kumi na tisa, mara moja tu. Nilipowaomba warudie, hawakuikaribia." Mwalimu akalifunga daftari. "Hiki chenu najua kitashuka vipi. Kitakwenda hiki."

Walikimbia hadi nyumbani kumweleza shangazi, wakisema wote kwa pamoja.

"Kumbe mlikula ng'ombe mzima, na mkia haukuwashinda!" alisema, akiwakumbatia. Kisha akamshika Sindano bega. "Ila kumbuka, mwanangu: ungeendelea kuficha zile sekunde mbaya, mpaka leo ungekuwa unachonga pua. Lile usilopenda kuliandika ndilo lililokuwa na la kukufundisha."