Winny Ashindwa na Maziwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Winny alibeba mtungi wa maziwa kutoka nyumbani kwao hadi kituo cha ushirika, kando ya barabara ya Sosiot. Mama yake, Rodah, ndiye aliyekama ng'ombe. Baba yake, Weldon, aliwahi shambani kuchuma majani chai kabla jua halijawa kali. Winny naye alipanga foleni na wakulima wengine, akingoja maziwa yapimwe.

Aliyepima alikuwa Kiptanui, karani wa kituo, mtu wa mizaha tangu alfajiri. Alikuwa na kipimo cha kioo kinachoitwa laktomita. Alikitumbukiza ndani ya maziwa na kukiacha kielee. Maziwa yakiwa safi, kipimo kilisimama juu juu. Yakiwa yametiwa maji, kilizama, na mwenye maziwa akarudi nayo nyumbani huku watu wakimcheka. Winny alikuwa ameyaona hayo mara nyingi mno. Siku ambazo mgongo ulimsumbua Kiptanui, Winny ndiye aliyeshika kipimo. Alitazama mara moja tu, akasema, "Haya yamebatizwa," na hakuna aliyethubutu kubisha.

"Chamgei, injinia!" Kiptanui alimsalimu asubuhi moja katika muhula wa tatu. "Ukienda huko Sayansi usitusahau, bwana. Tuundie mashine ya kubeba mitungi."

Foleni nzima ikacheka. Winny alicheka pia, lakini moyoni hakuona cha kuchekesha.

Sayansi ndilo jina ambalo watu waliipa shule moja ya bweni ya wasichana iliyoko upande wa Londiani. Ilichukua wanafunzi hodari wa sayansi na hisabati, tena baada ya kuwapa mtihani wake yenyewe. Winny alikuwa katika gredi ya tisa, mwaka wa kuchagua sekondari ya juu. Katika darasa lao waliitwa wawili kwenda kusailiwa: yeye, na rafiki yake Waringa, binti ya Gitonga mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Sosiot.

Weldon alishindwa kabisa kuificha furaha yake. Alitangaza kanisani, akatangaza kwenye kituo cha majani chai, akamtangazia hata fundi wa viatu ambaye hakuwa ameuliza kitu. Kabla juma halijaisha, Winny alikuwa anaitwa injinia na watu asiowajua hata kwa majina. Ila swali moja halikuulizwa na mtu yeyote: je, yeye mwenyewe alitaka kwenda?

Siku ya usaili, Gitonga aliwapeleka wasichana wote wawili kwa pikapu yake. Walipofika, mwanafunzi mmoja wa pale aliyeitwa Dorine alipewa kazi ya kuwatembeza wageni. Aliwaingiza kwenye maabara, akawaonyesha kijisanduku chenye nyaya alichokiunda mwenyewe. Alipokichomeka kwenye udongo mkavu, kililia pii! Alipoumwagia udongo maji, kikanyamaza.

"Unajua kuunda kitu kama hiki?" Dorine alimwuliza Winny.

"Hapana," Winny akajibu, akiona haya.

"Usijali. Hapa sisi sote tulikuwa namba moja huko tulikotoka. Mimi muhula wa kwanza nilikuwa mkiani, nikalia weee!" Dorine akacheka, kisha akaendelea kueleza jinsi walimu walivyomsaidia. Lakini hayo Winny hakuyasikia. Lile neno mkiani lilikuwa limemkwama masikioni.

Mtihani ukaanza. Maswali ya hisabati yalikwenda vizuri. Mwishoni kila mtahiniwa aliitwa kivyake mbele ya Mwalimu Oyoo, mkuu wa idara ya sayansi, mwanamume mrefu mwenye sauti ya upole. Mezani kulikuwa na vyombo viwili vya maziwa na laktomita.

"Yapi yametiwa maji?" aliuliza. "Pima, kisha uandike jibu lako na jinsi ulivyojua."

Loo! Katika maswali yote ya dunia, Winny akapewa lile analolijibu kila siku. Alitumbukiza kipimo. Katika chombo cha kwanza kilisimama, katika cha pili kikazama. Hakuhitaji hata kuinama. Lakini papo hapo wazo likamjia: nikikosa hili, nitabaki nyumbani. Nitaendelea kuwa namba moja. Hakuna atakayeniona nikiwa mkiani.

Aliandika: "Yote mawili ni safi. Sioni tofauti." Alipotoka nje alihisi kama mtu aliyetua mzigo. Walipofika Kericho, njiani kurudi nyumbani, tayari alikuwa anajuta.

Majibu yalimfikia Mwalimu Dorcus, aliyewafundisha sayansi, naye akapita kwa kina Winny jioni kuwapa habari. Waringa alikuwa amepata nafasi. Winny hakupata. Hesabu yake ilikuwa nzuri sana, mwalimu alisema, lakini alishindwa kabisa na swali la maziwa.

"La nini?" Weldon aliweka kikombe chini.

"La maziwa. Kutambua yaliyotiwa maji."

"Mwalimu, ungeniambia hesabu, ningeamini. Ungeniambia Kiingereza, ningeamini haraka zaidi. Lakini maziwa? Mtoto huyu anapima maziwa ya kijiji kizima!" Akasimama, akazunguka sebuleni. "Na wa Gitonga amepita? Sasa nimeelewa. Hiyo nafasi imenunuliwa."

"Baba Winny, usiseme usilolijua," Rodah alimwonya.

"Ninajua ninachosema!"

Winny alikuwa ameketi pale pale. Hapo ndipo alipopaswa kufungua mdomo, jambo liishe pale pale mezani. Badala yake akakaza macho kwenye sahani yake ya ugali.

Maneno ya Weldon hayakukaa ndani ya nyumba. Yalifika kwenye foleni ya maziwa, yakafika kwenye kituo cha majani chai, na Jumatano yakaingia darasani. Kijana mmoja aitwaye Kipkemboi alimwuliza Waringa mbele ya wenzake, "Haya, tuambie, baba yako alitoa ngapi?" Wengine wakaangua kicheko.

Wakati wa mapumziko Waringa alimfuata Winny. Macho yalikuwa mekundu.

"Wewe ulikuwa huko. Unajua nilifanya mtihani kama kila mtu. Si uwaambie?"

"Hayo ni mambo ya wazazi," Winny alisema, akitazama kando. "Mimi nitasema nini?"

Waringa akaenda akachukua vitabu vyake, akahamia dawati la nyuma. Wawili hao walikuwa wameketi pamoja tangu gredi ya nne. Siku hiyo Winny hakuelewa hata somo moja.

Jumamosi Weldon alitaka kununua misumari ya kurekebisha banda la ng'ombe, akaenda na Winny dukani kwa Gitonga. Duka lilikuwa na wateja wengi. Waringa alikuwa nyuma ya kaunta akimsaidia baba yake kupima misumari.

"Karibu, Baba Winny," Gitonga alisema.

"Nimekaribia," Weldon akajibu, sauti yake ikipanda. "Nimekuja kununua misumari. Shule siwezi, maana sina pesa kama za wengine."

Wateja wakageuka kumtazama. Gitonga akaweka kalamu chini polepole.

"Ngai! Baba Winny, maneno haya nimeyasikia wiki nzima nikasema hayawezi kuwa yako. Mimi niliwabeba watoto wote wawili kwa gari langu. Kama nilitaka kumzuia wako, si ningemwacha barabarani?"

"Basi nieleze! Mtoto aliyekulia kwenye maziwa anawezaje kushindwa na maziwa? Nani hapa anaweza kuamini?"

Wateja wakatazamana. Mmoja akatikisa kichwa, kana kwamba naye haamini. Waringa alikuwa ameinamia mizani, na machozi yalikuwa yakidondoka juu ya misumari. Hakuyapangusa. Winny alipoyaona, akamshika baba yake mkono.

"Baba," alisema.

"Ngoja kwanza, Winny."

"Baba, nilikosa makusudi."

Weldon akageuka. "Umesema nini?"

"Nilijua yapi yana maji. Nikaandika uongo. Waringa aliandika ukweli, akapita. Hakuna mtu aliyenunua kitu chochote." Akamgeukia rafiki yake. "Waringa, nisamehe. Ulinisihi niseme, nikakukana."

Weldon alivua kofia yake.

"Baba Waringa, nimekukosea mbele ya watu, na mbele ya watu hawa hawa naomba msamaha. Na kote nilikoyasema yale maneno nitarudi mwenyewe kuyafuta."

Gitonga alivuta pumzi. "Sitakuficha, umeniumiza. Na umemwumiza mtoto. Lakini nimekusikia." Akampimia misumari yake, wakaachana bila mazungumzo mengi. Ilimchukua Waringa muda kabla ya kurudi kwenye dawati lao, na Winny hakumlaumu.

Nyumbani, Rodah aliposikia yaliyotokea, hakupiga kelele. Alimimina chai, akamketisha Winny kati yao.

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Niliogopa, Mama. Kule kila mtu alikuwa namba moja kwao. Wanaunda vitu nisivyovijua hata jina. Nitakuwa wa mwisho, na Baba ameshawaambia watu wote kwamba mimi ni injinia. Ningerudi hapa na uso gani?"

"Kumbe uliniogopa mimi," Weldon alisema polepole.

"Kidogo, Baba."

"Kidogo tu?"

"Sana."

Weldon alitikisa kichwa. Hakukasirika. Alionekana mwenye huzuni.

"Basi na sisi tumekosa," Rodah alisema. "Tumeizungumzia shule hiyo na Sosiot nzima isipokuwa anayetakiwa kwenda. Sikiliza, Winny. Kuna shule ya kutwa hapa chini, nayo inafundisha sayansi. Ukiichagua hiyo utakuwa karibu nasi, na mtu anaweza kusoma popote. Ile nyingine ni mbali, ni ngumu, na tutaonana likizo tu. Zote ni shule. Iweke hofu kando kwanza, halafu utuambie: wewe unataka ipi?"

Winny hakukurupuka kujibu. Aliifikiria shule ya kutwa, ambapo angelala kitandani kwake na kuamkia kazi zake za kawaida. Hilo lilimvutia kweli. Kisha akafikiria jambo ambalo lilikuwa likimsumbua tangu siku ile.

"Kile kijisanduku," alisema. "Najiuliza kila siku kinajuaje kwamba udongo umekauka. Nimejaribu kuwaza nikashindwa. Nataka kwenda kule nikajue. Bado naogopa, lakini nataka."

Jumatatu Weldon na Winny walikwenda kwa Mwalimu Dorcus, naye akawapigia simu Sayansi na kuiweka kwenye spika. Winny mwenyewe ndiye aliyemweleza Mwalimu Oyoo kila kitu.

"Nafasi zimejaa," Mwalimu Oyoo alisema. "Siwezi kumtoa mtoto aliyejibu kweli ili nimwingize aliyedanganya."

"Hiyo ni haki, Mwalimu," Weldon alikubali, ingawa ilimchoma.

"Lakini huwa kuna wanaobadili nia na kwenda shule nyingine. Mlete afanye mtihani mwingine, aingie kwenye foleni. Siahidi chochote."

Safari hii hakukuwa na maziwa mezani. Maswali yalihusu umeme na mitambo. Mengine Winny aliyajibu vizuri, mengine hakuwa amewahi kuyasikia tangu azaliwe. Pale alipokwama aliandika: "Sijui. Nadhani ni hivi, lakini sina hakika."

Nafasi ilipatikana wiki ya kufungua shule, baada ya msichana mmoja kutoka Kedowa kuchagua kusoma karibu na kwao. Siku Winny aliporipoti, Waringa alikuja langoni akashika upande mmoja wa sanduku lake, wakalibeba pamoja hadi ofisini kwa Mwalimu Oyoo, Weldon akiwafuata nyuma.

"Mwalimu," Weldon aliuliza baada ya salamu, "kuna jambo linanisumbua. Mtihani wa pili alikosa maswali mengi kuliko ule wa kwanza. Mbona mmempokea?"

Mwalimu Oyoo alimtazama Winny, si Weldon.

"Mara ya kwanza ulijua, ukaandika kwamba huoni tofauti," alisema. "Mwalimu hawezi kufanya lolote na jibu kama hilo, maana umemfungia mlango. Mara ya pili hukujua, ukaandika sijui, tena ukajaribu. Hapo umenionyesha mahali pa kuanzia. Hapa utakosa mengi, Winny, na kuna siku utakuwa wa mwisho. Siku hiyo usijifiche wala usidanganye. Njoo useme, 'Mwalimu, sijui.' Tutakufundisha."

"Ndiyo, Mwalimu," Winny alisema. Kisha, kabla woga haujamrudia, akauliza swali lake la kwanza. "Mwalimu, kile kijisanduku cha Dorine kinajuaje udongo umekauka? Mimi sijui."

"Vizuri sana," Mwalimu Oyoo alisema, akivuta kiti. "Kaa hapa tuanze."