Kitoroli cha Tusekile na Mjomba Najua

Tusekile anaishi Tukuyu, mlimani, kwenye migomba na ukungu.

Tukuyu kuna baridi. Siyo baridi ya mzaha. Asubuhi ukisema "Hujambo," moshi unakutoka mdomoni.

Zipu ya koti la Tusekile hukwama kila siku. Mama huchukua kipande cha mshumaa na kuisugua. Sugu, sugu, sugu. Zipu inapanda, ziii! Tusekile huyo, nje.

Nje kuna mteremko wa majani mabichi. Tusekile ana kipande cha dumu la njano, lile lililopasuka. Anakikalia. Anajisukuma. Shwaaa! Mpaka chini.

Tusekile ana kitoroli pia. Kitoroli cha mbao, chenye mikono miwili na gurudumu moja. Gurudumu nalo ni la mbao. Baba alikichonga mwenyewe, kabla hajasafiri kwenda kazini mbali.

Kila siku kitoroli hubeba majani ya ng'ombe.

Ng'ombe anaitwa Maringo, na jina limemkaa. Maringo hapendi mvua. Hapendi kuku. Hapendi kuguswa mkia. Lakini kitu anachokichukia kuliko vyote ni kelele.

Sasa kisikilize kitoroli kikija.

Kwiii-kwaa! Kwiii-kwaa!

Maringo akashtuka. Akarusha teke. Ndoo ikaruka, pa! Maziwa yote yakamwagika.

Mama akaiokota ndoo. Akajaribu kukamua tena. Akabembeleza. Akaimba. Hakupata hata tone.

Mama akasimama, mikono kiunoni.

"Tusekile, hiki kitoroli kimenichosha. Nakipa mpaka kesho jioni. Kesho jioni kikilia, nakipasua kuni."

"Mama, jamani! Alikichonga Baba!"

"Baba yako hayupo hapa kunywa chai ya rangi wiki nzima. Mimi nipo. Kesho jioni, nimesema."

Tusekile akalikumbatia gurudumu. Machozi yakamlengalenga.

Ndipo akatokea Mjomba.

Mjomba Ambokile ni mdogo wake Mama. Ana viatu vyeupe. Ana skafu nyekundu. Ana miwani ya jua, na jua lenyewe halipo.

Mjomba alikwenda Dar es Salaam kutembea. Akarudi anajua kila kitu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Unalilia nini?"

"Kitoroli kinapiga kelele, Mjomba. Mama anataka kukipasua kuni."

"Aa, hilo tu? Najua! Najua!"

Anajua? Wapi!

"Gurudumu hili lina kiu," akasema Mjomba. "Wewe ukiwa na kiu, koo si linakwaruza? Lipe maji!"

Akalimwagia ndoo nzima. Mwaaa!

Mbao ikanywa maji. Ikavimba. Gurudumu likavimba kama shavu lenye jino bovu. Likakwama hapo hapo.

"Umeona?" akasema Mjomba. "Limeacha kulia."

Kweli, limeacha kulia. Na kuzunguka limeacha. Hongera sana, Mjomba.

Tusekile akakiburuta kitoroli mpaka jikoni. Akakianika karibu na moto. Mchana kikawa kimekauka. Akakisukuma.

Kwiii-kwaa! Kwiii-kwaa!

"Najua! Najua!" akasema Mjomba.

Anajua? Wapi!

Mjomba akachomoa chupa mfukoni. "Haya ni mafuta ya nazi. Ya nywele zangu. Nimekuja nayo kutoka Dar." Akayapasha kidogo kwenye jiko. Akayamimina kwenye gurudumu. To, to, to.

Tusekile akasukuma.

Kimya!

Akasukuma tena. Kimya!

Ohoo! Mjomba akazunguka mtaa mzima. "Si nilisema? Si nilisema?" Akawaambia majirani. Akawaambia kuku. Akamwambia na Maringo. Maringo akamtazama, kisha akatazama pembeni.

Jioni hiyo maziwa yalipatikana. Mjomba akanywa kikombe kikubwa kuliko wote.

Usiku baridi ikashuka mlimani. Taratibu, taratibu, ikaingia mpaka kwenye gurudumu.

Mafuta ya nazi yanafanya nini kwenye baridi? Kila mtoto wa Tukuyu anajua. Yanaganda! Ndiyo maana asubuhi chupa huoteshwa moto kwanza, ndipo ujipake.

Mjomba alizaliwa Tukuyu. Sijui alisahau wapi.

Asubuhi mafuta yalikuwa yameganda, meupe pee. Gurudumu likawa zito. Tusekile akasukuma, halikusogea.

"Niachie mimi," akasema Mjomba. Akashika mikono ya kitoroli. Akavuta. Akavuta tena. Viganja vyake vilikuwa na mafuta.

Pwaaa!

Mjomba chali, kwenye tope! Viatu vyake vyeupe sasa ni vya kahawia.

Tusekile aliuma mdomo asicheke. Jogoo hakuuma mdomo. Kokorikooo!

Jua likapanda. Mafuta yakayeyuka. Mengine yakadondoka chini, mengine yakazama kwenye mbao. Tusekile akasukuma.

Kwiii-kwaa! Kwiii-kwaa!

"Sasa ndiyo najua!" akasema Mjomba, huku anajifuta tope. "Kitoroli hakina kosa. Wenye kosa ni masikio ya ng'ombe."

Anajua? Jamani, wapi!

Mjomba akavua skafu yake nyekundu. Akamfunga Maringo masikioni. Akarudi nyuma kuitazama kazi yake.

Maringo akatulia. Akatikisa kichwa. Skafu ikamwangukia puani.

Maringo akaila.

Nyamu, nyamu, nyamu. Aliitafuna polepole, huku anamtazama Mjomba usoni.

Jioni ikakaribia. Mama akatoa shoka nyuma ya mlango. Akaanza kulinoa kwenye jiwe. Kwashi, kwashi, kwashi.

Tusekile alisikia lile shoka. Akakipindua kitoroli, miguu juu. Akachomoa gurudumu. Akafumba jicho moja, akachungulia kwenye tundu.

Maana maneno yalikuwa mengi, tangu jana mpaka leo. Lakini hakuna aliyechungulia.

Ndani ya tundu kulikuwa na unga. Unga wa mbao, mweusi. Tusekile akapitisha kidole. Kwaru, kwaru, kwaru.

Akaangalia kile kijiti ambacho gurudumu huzungukia. Baba alikichonga kinene. Sasa kimekonda.

"Mama!" akaita. "Mbao inasuguana na mbao! Kitoroli kinajila chenyewe!"

Mjomba akacheka mpaka miwani ikaanguka. "Mbao ina meno? Ebu msikilizeni huyu!"

Cheka tu, Mjomba. Cheka.

Tusekile akafikiri. Kitu gani hakikwaruzi? Jiwe linakwaruza. Bati linakwaruza. Ulimi wa Maringo nao unakwaruza, tena sana.

Akatazama mteremko. Pale majanini kipo kipande chake cha dumu la njano.

Shwaaa! Dumu halikwaruzi! Jua likiwaka, shwaaa. Baridi ikiwa kali, shwaaa vilevile.

Akakimbia kukichukua.

"Mama, nikatie hapa! Ukanda mwembamba, tafadhali!"

Mama akamtazama binti yake. Akaweka shoka chini. Akachukua kisu, akakata ukanda wa njano. Tusekile akauzungusha kwenye kile kijiti, mara moja, ukaenea. Wakaugongelea vijimisumari viwili pembeni kabisa, mahali gurudumu lisipofika.

"Tazama," akasema Tusekile. "Kilikonda. Sasa kimevaa koti."

Koti?

Koti! Na koti lina zipu. Na zipu ikikwama...

"Mama, mshumaa!"

Mjomba akainua kidole. "Hapo sasa mtaharibu. Mshumaa utaganda usiku. Baridi yote hii? Mimi najua!"

"Mjomba," akasema Tusekile, kwa adabu, "mshumaa umeshaganda. Utaganda mara ngapi?"

Mjomba akaiokota miwani yake, akaivaa.

Sugu, sugu, sugu, juu ya koti la njano. Sugu, sugu, sugu, ndani ya tundu. Tusekile akafuta unga wote mweusi. Akarudisha gurudumu. Akajaza majani mpaka juu. Akashika mikono ya kitoroli.

Mama akasubiri. Shoka likasubiri. Mjomba akasubiri akiomba kilie, ndiyo, aliomba, nilimwona!

Tusekile akasukuma.

Fff... fff... fff...

Ni majani tu, yanagusana.

Akapita mbele ya kuku. Fff. Akapita mbele ya shoka. Fff. Akafika kwa Maringo. Maringo hakushtuka. Akashusha kichwa, akala.

Mama akakaa kwenye kigoda, akakamua. Churu! Churu! Churu! Ndoo ikajaa povu mpaka juu.

"Mama, je, kuni?"

"Kuni gani?" akasema Mama. "Kuni zipo tele kule shambani. Rudisha hilo shoka mahali pake."

Tusekile akaruka juu kwa furaha. Akaruka tena.

"Ngojeni kesho," akanong'ona Mjomba. "Ngojeni baridi."

Basi wakangoja. Kesho yake baridi ilikuwa kali kuliko jana. Ukungu ulifunika migomba yote. Hata Maringo alikuwa anatoa moshi puani.

Tusekile akasukuma kitoroli chake.

Fff... fff... fff...

Mjomba akasema ana kazi nyumba ya jirani. Hakuwa na kazi yoyote.

Usiku huo walikunywa chai ya maziwa, nzito, yenye tangawizi. Shoka lilikuwa nyuma ya mlango. Kitoroli kilikuwa barazani. Tusekile alijifunika blanketi mpaka puani.

Nyumba ikawa kimya.

Kwiii-kwaa!

Tusekile akakaa kitandani. Ni kitoroli?

Kwiii-kwaa! Kwiii-kwaa!

Hapana. Kelele zinatoka chumba cha Mjomba. Mjomba akigeukia huku, kitanda kinasema kwiii. Akigeukia kule, kinasema kwaa.

"Ambokile!" Mama akapaza sauti. "Kitanda hicho kikilia tena, kesho nakipasua kuni!"

Kimya. Kimya kabisa. Mjomba hata kugeuka hakuthubutu.

Kisha mlango wa Tusekile ukagongwa. Ko, ko, ko. Taratibu.

"Tusekile. Mpwa wangu. Umelala?"

"Bado, Mjomba."

"Kitanda kinalia."

"Nakisikia, Mjomba."

"Sasa mimi..." Mjomba akameza mate. "Mimi..." Akakohoa. Akatazama juu, akatazama chini. "Mimi sijui nifanyeje."

Umesikia? Amesema hajui! Tangu atoke Dar, hilo ndilo neno lake la kwanza la kweli.

Tusekile hakumcheka. Ningekuwa mimi, ningecheka. Yeye akaingiza mkono chini ya mto, akatoa kipande cha mshumaa.

"Chungulia kwanza, Mjomba. Tafuta mahali mbao inaposuguana na mbao. Ukipaona, ndipo usugue."

"Asante, mwanangu."

Mjomba akaenda. Akapiga magoti. Akachungulia chini ya kitanda, na safari hii alivua miwani.

Sugu, sugu, sugu.

Akapanda kitandani. Akageukia huku. Kimya. Akageukia kule. Kimya.

Mama akalala. Mjomba akalala. Tusekile akafumba macho, akalala.

Nyumba nzima ikatulia. Ni Maringo peke yake zizini, nyamu, nyamu, nyamu, bado anatafuna. Nadhani ni ile skafu.