Bastola ya Kesi Iliyolala

Saa tatu asubuhi.

Chumba cha nyuma ya gereji kilinuka grisi. Nyundo, bosi wao, aliongea taratibu, kama kawaida yake kazi inapokuwa mbaya. Wanaingia kituo cha polisi. Mchana kweupe, na ovaroli za mafundi umeme. Mkuu wa upelelezi mwenyewe ndiye kawatuma. Mlinzi wa stoo ya vielelezo atamwondoa. Kesho mtaalamu wa alama za vidole anakuja kuchukua bastola ya kesi ya mauaji iliyolala miaka mitatu. Akifika, asiikute.

Dereva alicheka peke yake. Polisi kuibiwa na polisi.

Kufuli, fundi wao wa kufungua milango, hakucheka. Aliuliza ni kesi ya nani.

"Ya marehemu," Nyundo alisema. "Wewe fungua mlango."

Saa sita.

Kaunta ilijaa watu wenye shida zao. Dereva alibaki garini. Kitasa cha stoo kilimsumbua Kufuli kidogo, kisha kikakubali. Nyundo akasimama mlangoni, yeye akaingia.

Mfuko wa nailoni ulikuwa rafu ya chini. Ndani bastola, risasi bado zimo. Juu ya mfuko, kwa wino mwekundu, jina la dada yake.

Dada aliyemlea. Mama yao alipokwenda kuulizia, mkuu huyuhuyu alimwambia silaha haijapatikana, akampa pole, akamsindikiza mpaka getini.

"Ulijua?"

Nyundo hakugeuka. "Hakuna mwingine anayekiweza kitasa hiki. Leta mfuko, mdogo wangu. Aliyekufa hafufuki."

Kufuli akausukuma mlango, akajifungia ndani. Akapaza sauti ili kaunta nzima isikie: bastola iliyomuua dada yake imo humu, na mkuu wa upelelezi ndiye aliyewatuma waiibe. Akarudia. Nyundo alitimua mbio. Gari likaondoka.

Kisha sauti ya mkuu ikaamuru raia wote watoke, kuna jambazi mwenye silaha. Ndala zikaburuzwa, mtoto akalia, mlango wa nje ukafungwa. Vikabaki viatu vya mtu mmoja, vinakuja bila haraka.

"Fungua, kijana. Tuyamalize."

Kufuli aliutazama mfuko. Akiishika ile bastola huenda akapona, lakini alama za muuaji atazifuta kwa vidole vyake mwenyewe. Akaukumbatia kifuani, akageukia ukuta, mgongo mlangoni.

Ufunguo ukaingia kitasani.