Kadi za Trei Kumi na Mbili

Kila Jumamosi asubuhi mtu mmoja hufagia karakana ya baba yake Annegret, mjini Balingen, Ujerumani. Zamu huzunguka, na mwenye kiwanda na bintiye hawasamehewi. Annegret, mwenye miaka kumi na miwili, alipenda usafi kupita kiasi, na zamu yake ilipofika hakuacha hata pembe moja.

Karakana hiyo ina wafanyakazi sita tu na mashine moja yenye kompyuta. Mashine haitengenezi kitu kimoja kutwa nzima. Kila trei ya vyuma ina kadi ndogo ya plastiki. Mashine huisoma, ikajua kama hiki ni chuma cha bawaba au cha kiti cha magurudumu, kisha hubadilisha yenyewe keekee ya kutobolea.

Jumamosi hiyo Annegret aliona kadi zimejaa mafuta. Akazichomoa zote kumi na mbili, akazisugua, akazirudisha kwenye trei bila kuangalia ipi ilitoka wapi.

Jumatatu alipotoka shule alimkuta baba amefura kwa hasira. Vyuma vya viti vya magurudumu vilikuwa vimetobolewa matundu ya bawaba, na hospitali ilivitaka kesho yake. Baba alikuwa akimlaumu Bwana Sezgin, msimamizi wa mashine, kwamba amepanga trei kizembe. Mzee huyo alikuwa akifanya kazi pale tangu kabla Annegret hajazaliwa. Alifuta mikono yake tu.

Annegret aliogopa sana. Akinyamaza, hakuna atakayejua.

"Baba, si yeye," alisema. "Ni mimi. Nilichomoa kadi nikaziosha."

"Ukazirudishaje?"

"Ovyo tu. Nilidhani zote ni sawa."

Bwana Sezgin alitabasamu. "Binti, umesafisha mpaka akili ya mashine."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Walilinganisha kila kadi na trei yake, wakachukua vyuma vipya, na kufikia jioni vyuma vya viti vya hospitali vilikuwa tayari. Hapo baba alimwomba Bwana Sezgin radhi mbele ya wafanyakazi wote. Kisha akamgeukia bintiye.

"Mashine huamini lolote inaloambiwa, nayo haiwezi kusema, 'Nimekosea.' Wewe leo umeweza. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayemtaka katika karakana hii."